Nani mwenye jina? Historia ya wajina kwenye kompyuta (na kizaazaa cha upatu wa mama)

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko. La hasha, bado nipo. UE zimekwisha, bumu nalo limekwisha (lenyewe lilitangulia), na hapa hosteli tumebaki wachache tunaosubiri kwenda field. Kwa hiyo leo nina nafasi ya kuandika jambo lililonikaa kichwani tangu likizo iliyopita. Ni historia, ila itabidi nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mama yangu ni katibu wa mchezo wa upatu pale mtaani kwetu. Wako kina mama 12. Kila baada ya wiki mbili kila mmoja anatoa shilingi 20,000, na mwenye zamu anabeba zote 240,000. Kwa mtu anayeuza vitumbua, hiyo ni ada ya mtoto, au ni kiroba cha mchele na mafuta bila kukopa. Zamu zao ziliandikwa kwenye daftari ambalo jalada lilishang'oka zamani. Mimi, msomi wa kompyuta, nikajitia ujuaji. Nikamwambia, "Mama, hayo mambo ya daftari yamepitwa na wakati, ngoja nikutengenezee kitu." Nikatengeneza ukurasa mdogo wa wavuti. Unaufungua kwenye simu, unakwambia: zamu ya leo ni ya fulani.

Raundi tatu za mwanzo mambo safi, kwa sababu walikuwa wanatazama kwenye simu ya mama. Raundi ya nne mama akaona fahari, akawatumia wenzake kiungo ili kila mtu ajionee mwenyewe. Basi bwana, siku ya kukutana wakaja watu wawili na mkoba mmoja. Simu ya mama ilisema zamu ni ya mama wa nne. Simu ya mama wa tano, ambayo ilikuwa mpya, ilisema zamu ni yake. Na yeye alikuwa amekwishachukua mzigo kwa mwenye duka la jumla kwa ahadi kwamba jioni hiyo analipa.

Maneno yakaanza. "Katibu, kumbe mnapangana?" Mama ameshika huo ukatibu miaka mingi bila senti kupotea, na siku hiyo aliangaliwa kama mwizi kwa sababu ya mistari kumi ya kodi ya mwanawe. Daftari ndilo lililoamua: mama wa nne akachukua chake. Mama wa tano alikopeshwa na mama yangu kutoka akiba yake mwenyewe. Kisha mama akanigeukia, akaniambia, "Mwanangu, hicho kidude chako kina majina mangapi?"

Usiku ule sikulala. Na kosa nililolikuta linaingia kwenye historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kosa lenyewe

Kwa wasiosoma kompyuta nitaeleza taratibu. Kurasa za wavuti zinaendeshwa na lugha inayoitwa JavaScript. Katika lugha hiyo, orodha huhesabiwa kuanzia sifuri: wa kwanza ni namba 0, wa pili ni namba 1, na kuendelea. Nikaona kina mama hawahesabu hivyo, nikatunga amri yangu inayohesabu kuanzia moja kama binadamu. Na JavaScript inakuruhusu kufanya jambo la hatari kidogo: unaweza kuchukua amri yako na kuipachika kwenye orodha zote za lugha, kama vile lugha ilizaliwa nayo. Nikaipachika. Nikaipa jina fupi, `at`.

Tena nikajiona mwangalifu. Juu yake niliweka sharti nililolidesa kwenye somo moja la zamani la mtandaoni: kama amri yenye jina hili haipo, weka ya kwangu, kama ipo, iache iliyopo.

Simu ya mama ni ya zamani, na kivinjari chake kilikoma kusasishwa kabla ya 2021. Humo `at` haikuwepo, kwa hiyo ya kwangu ikakaa, na zamu ya nne ikawa ya mama wa nne. Lakini vivinjari vikubwa vilianza kuja na `at` yao wenyewe mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaingia rasmi kwenye kanuni za lugha. Hiyo inahesabu kuanzia sifuri. Kwenye simu mpya, sharti langu likakuta jina lina mwenyewe, likakaa pembeni kwa adabu. Ukiomba namba 4, unapewa mtu wa tano. Na ningesubiri hadi raundi ya 12, mama wa mwisho asingeona jina lolote, maana kwa kuhesabu kuanzia sifuri namba 12 haipo katika orodha ya watu 12.

Sote tunajua wajina. Hapa hosteli mkiwa wawili wenye jina moja, mmoja ataitwa Mrefu na mwingine ataitwa Mzee wa Chapati, maisha yanaendelea. Kompyuta haina utani wa namna hiyo. Jina likishakuwa moja, anaitika mmoja tu. Swali ni nani aitike na nani ahame, na watu wameligombania swali hilo kwa zaidi ya miaka 15.

Nyumba isiyo na mlango

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa Netscape, na toleo lake la kwanza alilitunga kwa siku kumi tu. Ndani yake aliacha uwazi niliousema: orodha, maandishi, tarehe, vyote vinaweza kuongezewa amri na mtu yeyote, wakati wowote. Kwa programu ndogo ya ukurasa mmoja uwazi huu ni raha tupu.

Kanuni rasmi za lugha zinaitwa ECMAScript. Toleo la tatu lilitoka Desemba 1999. Toleo la nne likazozaniwa miaka mingi hadi likatupwa mwaka 2008, na la tano likatoka Desemba 2009. Hesabu mwenyewe: miaka kumi kamili lugha haikupata toleo jipya rasmi, na hiyo ndiyo miaka wavuti ulipokuwa unalipuka. Watu walitaka kupitia orodha kimoja kimoja, kuchuja, kutafuta kama kitu kimo. Kanuni hazikuwapa amri hizo, wakajitungia.

Mwaka 2005 Sam Stephenson akatoa maktaba iitwayo Prototype. Jina lenyewe linatokana na ile sehemu ya lugha ambayo wageni wanaruhusiwa kupachika vitu vyao, na Prototype ilipachika kweli kweli. Mwaka 2006 ikafuata MooTools ya Valerio Proietti, nayo kwa mtindo ule ule. Mwaka huo huo John Resig akatoa jQuery, ambayo ilichagua njia nyingine. Haikugusa orodha za lugha. Ilifungia mambo yake yote ndani ya kitu chake chenyewe, na nje ikaacha majina mawili tu: `jQuery` na kifupi chake `$`.

Hata hivyo mawili hayo hayakukosa ugomvi, maana Prototype nayo ilitumia `$`. Ukiweka maktaba zote mbili kwenye ukurasa mmoja, ya mwisho kuingia inamnyang'anya wa kwanza. Watu wa jQuery wakatunga amri ya `noConflict`, ambayo kazi yake ni kusema: sawa, chukua `$` yako, mimi niite kwa jina langu refu. Ukiniuliza mimi, huo ndio ustaarabu. Mgeni alijiandaa kuhama kabla hajafukuzwa.

Ugomvi wa kwanza: 2008

Prototype ilikuwa na amri ya kutafuta vitu vya ukurasa kwa jina la kundi lao, `getElementsByClassName`. Watu waliipenda kwa sababu ilirudisha orodha ya kawaida yenye manjonjo yote ya Prototype, ikiwemo amri ya `each` ya kupitia kimoja kimoja.

Wakubwa wa wavuti wakaona ni wazo zuri, wakaamua kuliingiza kwenye vivinjari. Firefox 3 ikatoka Juni 2008 ikiwa nayo, jina lile lile. Lakini iliyozaliwa ndani ya kivinjari ilirudisha kitu cha aina nyingine, ambacho hakikuijua `each`. Kurasa zilizoandikwa kwa kuitegemea tabia ya Prototype zikajikuta zinaita kitu kisichokuwepo. Jina lilikuwa sahihi, tabia ilikuwa ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipojiona kwenye kioo. Maktaba inapokuwa nzuri, jina lake linakuwa ndilo jina ambalo kila mtu angelichagua. Wanaotunga kanuni wanalichukua kwa sababu ni zuri, na wanapolichukua wanamgonga yule aliyelifanya lijulikane. Mimi sikuwa na umaarufu wowote, ila niliita `at` kwa sababu ile ile waliyoiita wao: fupi na linaeleweka.

`contains` inakuwa `includes`

Baadaye wakataka amri ya kuuliza kama neno fulani limo ndani ya maandishi. Jina la wazi kwa Kiingereza lilikuwa `contains`. MooTools tayari ilikuwa nayo.

Sasa tazameni vizuri hapa. MooTools 1.2 ilikuwa na sharti kama langu: kama `contains` haipo, weka yetu; kama ipo, iache. Firefox 17, ya mwaka 2012, ilipoijaribu amri hiyo, sharti lile likaamka, MooTools ikakaa pembeni, na kurasa zilizotegemea tabia ya MooTools zikavunjika. Mozilla wakaizima katika toleo la 17. Ikarudi katika toleo la 18, wakati MooTools wanashughulikia toleo la 1.2.6 la kurekebisha. Lakini kurekebisha maktaba si kurekebisha kurasa zilizokwishanakili toleo la zamani. Mwishowe kanuni ndizo zilizohama, jina likawa `includes`. Firefox ilibadilisha jina hilo katika toleo la 40, mwaka 2015.

Mwaka 2014 jambo hilo hilo lilikuwa limetokea kwa orodha. Walitaka `contains` ya orodha, wakakuta MooTools mlangoni, nayo ikawa `includes`. Iliingia kwenye kanuni za 2016.

2018: ugomvi mkubwa

Huu ndio uliotingisha. Kamati ya kanuni za JavaScript, TC39, ilikuwa na pendekezo la amri ya kulainisha orodha: ukiwa na orodha yenye orodha ndani yake, inazifungua na kuziweka katika mstari mmoja. Jina: `flatten`. Mapema mwaka 2018 Firefox ikaiweka katika toleo lake la majaribio. Tovuti moja ikaacha kufanya kazi sawasawa. Walipochimba, wakamkuta rafiki yetu wa siku zote, MooTools.

Kinachonifurahisha ni kwamba safari hii MooTools haikuwa na sharti lolote. Kwenye `flatten` yenyewe ilibandika amri yake juu ya chochote kilichokuwepo. Ungetegemea basi mambo yawe shwari: kivinjari kina yake, MooTools inaifunika, kurasa zinaendelea na ya MooTools kama zamani. Kwa nini zikavunjika?

Ni hivi. Kila amri ina alama ndogo inayosema kama itatajwa au haitatajwa pale mtu anapopitisha mahudhurio ya amri zote. Amri zilizozaliwa na lugha zina alama ya "nisitajwe". Amri unayoiongeza mwenyewe kwa njia ya kawaida inapata alama ya "nitajwe". Lakini ukiandika juu ya jina ambalo tayari lipo, unabadilisha kilichomo tu. Alama ya zamani inabaki pale pale.

MooTools ilikuwa na kitu chake kingine kinachoitwa `Elements`, na ili kukipa amri za orodha ilipitisha mahudhurio kwenye amri za orodha na kunakili kila iliyoitika. Miaka yote `flatten` iliitika, kwa sababu ilikuwa ya kuongezwa. Kivinjari kilipokuja na `flatten` yake, MooTools ikaifunika, lakini alama ikabaki "nisitajwe". Mahudhurio yakapita, `flatten` haikuitika, haikunakiliwa. Kurasa zilizoitafuta kwenye `Elements` hazikuikuta.

Nilisoma hapo mara tatu. Yaani `contains` ya maandishi iliweka sharti ikavunjika, na `flatten` haikuweka sharti, nayo ikavunjika. Tahadhari zote mbili ambazo somo la kawaida linakufundisha zilishindwa, kila moja kwa njia yake. Tatizo halikuwa sharti. Tatizo ni kwamba jina halikuwa lao, na nyumba ile walikuwa wageni.

Utani uliowasha moto

Machi 2018, Michael Ficarra, mmoja wa wanakamati, akapendekeza kwa utani jina lingine: `smoosh`. Ni neno la kitoto kidogo la Kiingereza, kama vile mtu akuambie amri rasmi ya serikali itaitwa "bonyabonya". Watengenezaji wa tovuti walipoona, wengi hawakucheka. Wakauliza: lugha ya dunia nzima ibebe jina la hovyo milele kwa sababu ya maktaba ambayo watu wameshaisahau? Acha hizo tovuti zivunjike, wenyewe watazirekebisha!

Nakiri, nilipoanza kusoma nilikuwa upande wao. Mtoto wa kompyuta huwa hapendi vitu vya zamani.

Lakini jibu la upande wa pili lina uzito. Fikiria bibi anayesoma ukurasa wa hali ya hewa. Aliyeutengeneza ameshaacha kazi, labda hata kampuni imefungwa, ila ukurasa upo na unafanya kazi. Kivinjari kinajisasisha usiku, asubuhi ukurasa haufunguki. Bibi hajui MooTools wala `flatten`. Anachojua ni kwamba jana ilifanya kazi na leo haifanyi, na ukurasa ule ule kwenye kivinjari cha jirani unafunguka. Atahama kivinjari. Ndiyo maana watengenezaji wa vivinjari wana msemo wao, usivunje wavuti. Kwa sehemu ni huruma, na kwa sehemu ni biashara: anayevunja wa kwanza ndiye anayekimbiwa.

Na hapa Waswahili tumo ndani ya hadithi. Mwaka 2005 mfumo wa kutengenezea tovuti uitwao Mambo uligawanyika, na waliojitenga wakaita wa kwao Joomla. Jina hilo ni neno letu "jumla", limeandikwa hivyo ili Mwingereza alitamke. Joomla 1.5, iliyotoka Januari 2008, ilikuja na MooTools ndani yake. Mtu aliyeweka Joomla kwa ajili ya shule, chama au duka alipata MooTools bila kuiomba wala kujua ipo. Iliondolewa kwenye Joomla 4, mwaka 2021. Kwa hiyo unaposikia "maktaba iliyosahaulika", waliosahau ni wajuzi. Kurasa hazikusahau.

Mei 2018 kamati ikaamua: `smoosh` itupwe, `flatten` iachwe, jina liwe `flat`. Ikaingia kwenye kanuni za 2019.

Jina langu kumbe lilikuwa mkimbizi

Sasa nirudi kwa `at`. Nilidhani wao ndio walionivamia, kumbe jina hilo halikuwa chaguo lao la kwanza. Walitaka kuiita `item`. Walipoijaribu, wakagongana na maktaba ya YUI, toleo la 2 na la 3. YUI ilikuwa na kawaida ya kukitambua kitu kwa kuangalia kama kina `item`: kikiwa nayo, basi si orodha ya kawaida, ni mkusanyiko wa vitu vya ukurasa. Ghafla orodha zote zingekuwa na `item`, na YUI ingechanganyikiwa. Wakahama, wakatua kwenye `at`. Na huko kwenye `at`, mtaani kwetu, wakanikuta mimi.

Hawakunijua, na kivinjari cha majaribio hakikupita kwenye upatu wa mama yangu. Bibi wa hali ya hewa alipata mtu wa kumtetea kwa sababu tovuti yake ilionekana. Kina mama 12 hawakuonekana, na hilo siwezi kumlaumu mtu mwingine. Wa kulaumiwa ni mimi niliyepachika.

Ugomvi haujaisha pia. Amri ya kupanga vitu kwa makundi ilitakiwa kukaa kwenye orodha kwa jina la `groupBy`. Ikagongana na maktaba ya zamani iitwayo Sugar, ikajaribu jina la `group`, haikutulia, mwishowe ikatolewa kabisa kwenye orodha na kuwekwa kwingine, kwenye `Object.groupBy`. Iliingia kwenye kanuni za 2024.

Wengine walifanyaje?

Si kila mtu anasubiri ajali. Lugha ya C, mama wa nyingi, ilipotaka aina ya ndiyo na hapana mwaka 1999, ilijua programu nyingi zilikuwa zimejitungia `bool`. Ikachagua jina baya kwa makusudi, `_Bool`, kwa sababu ilishatangaza kabla kwamba majina yanayoanza kwa mstari wa chini na herufi kubwa ni mali ya lugha, raia wasiyaguse. Mwenye kutaka `bool` akaambiwa aiombe mwenyewe kwa kuita faili la `stdbool.h`. Ilipofika toleo la C23 ndipo `bool` likawa neno rasmi, karibu robo karne baadaye.

Na kwenye HTML, anayetaka kutunga kitambulisho chake kipya analazimishwa kuweka kistari katikati ya jina, kwa mfano `zamu-upatu`. HTML yenyewe imeahidi haitatunga vitambulisho vipya vya namna hiyo. Kistari kimoja tu, na wageni na wenyeji wana vitanda tofauti.

Hii ndiyo njia ya jQuery pia, na ndiyo ninayoiamini sasa. Mipaka inawekwa kabla ya ugomvi. JavaScript haikuweka mipaka ya orodha zake mapema, na gharama yake ni majina ya daraja la pili ambayo wanafunzi watayakariri vizazi na vizazi. Mwalimu akikuuliza kwa nini ni `includes` na si `contains`, jibu la kweli ni hilo: kuna watu walifika kabla, na walioendelea kutumia vitu vyao walihesabiwa kuwa watu.

Nilichorekebisha

Nilifuta `at` yangu. Nikaandika amri inayojitegemea, haipachikwi popote, inapewa orodha na namba ya raundi, inarudisha jina. Nimeiita `zamuYa`. Rafiki yangu wa chumbani akacheka, akasema, "Hiyo kamati ikikaa miaka 100 haitalichukua hilo." Kweli, Kiswahili kimenipa kinga ya bure. Ila sitaitegemea sana, maana waliochukua "jumla" hawakutuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye kikao cha upatu mwenyewe. Nikawaeleza kina mama kwamba kosa ni langu na si la katibu, nikawaomba radhi, na nikazifungua simu zote 12 mbele yao, moja moja, hadi zote zikasema jina moja. Mama wa tano alikuwa wa mwisho kunipa yake. Akaangalia, akasema, "Haya, mwanangu, sasa tunaonana."

Mama bado anaandika zamu kwenye daftari kwanza, ndipo anafungua ukurasa wangu kulinganisha. Nilitaka kumwambia haina haja. Nikanyamaza.

Haya wadau, nawasilisha. Wiki ijayo Mungu akipenda nitawaandikia kutoka field. Na wewe unayesoma kompyuta, kabla hujapachika kitu kwenye nyumba ya watu, kumbuka mkoba mmoja na kina mama wawili.